Leseni kwa Jina la Cate

Kila mteja mpya alipokubali kujengewa tovuti, Gichuru alifanya jambo moja kabla ya mengine yote. Alisimama karibu na dirisha la ofisi yake ndogo ya Barabara ya Tom Mboya, mahali ambapo simu ilishika vizuri, akampigia Cate.

"Mami, niaje? Tumepata mwingine. Tununulie ile ya duka," angesema, au "ile ya ukumbi," au "ile ya kupanga picha."

Na Cate, aliyekuwa akitunza wazee katika mji mmoja wa Uingereza, angetoa kadi yake ya benki na kununua leseni ya programu iliyotakiwa. Mwaka huo wa 2006 kadi nyingi za Nairobi hazikuweza kununua kitu kwenye intaneti. Ulijaza namba zako zote, ukurasa ukazunguka weee, mwisho ukakukataa. Kwa hivyo kila mtu mwenye kazi kama ya Gichuru alikuwa na mtu wake ng'ambo: kaka, shemeji, au mtu wa kanisa aliyehama. Gichuru alikuwa na mchumba.

Awiti ndiye aliyezitunza leseni hizo baada ya kununuliwa. Alikuwa ametoka chuo kikuu juzijuzi, na meza yake ilitazama ngazi. Alijua ni mteja gani anatumia programu gani, inaisha mwezi upi, na nani akumbushwe. Wenzake wa chuo walidhani kazi hiyo inachosha. Yeye aliipenda. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba intaneti ingewafikia watu ambao hakuna kitu kingine kilichowahi kuwafikia, na kwamba mtu fulani lazima akae nyuma ahakikishe mlango haujifungi.

Jambo moja tu lilimkera. Leseni zote zilikuwa katika akaunti moja, na akaunti hiyo ilikuwa ya Cate.

"Si tuandike jina la mteja mwenyewe?" aliwahi kumwuliza Gichuru.

Gichuru alicheka. "Cate ni mimi na mimi ni Cate. Hiyo ndiyo nyumba tunajenga, Awiti. Ama unataka tuandike jina la soja wa mlangoni?"

Awiti naye akacheka. Nyumba ikijengwa kwa mapenzi, nani angeuliza hati?

Kati ya tovuti hizo zote kulikuwa na moja aliyoipenda kuliko nyingine. Iliitwa Jikoni. Mwenyewe alikuwa Nakhumicha, muuguzi wa kliniki moja ndogo ya Kangemi, ambaye mwanawe Barasa aliugua sikoseli, ule ugonjwa wa damu unaomlaza mtoto kwa maumivu ya mifupa. Hapo mwanzo akina mama wenye watoto kama Barasa walikutana katika chumba chake, wakiketi kwenye ndoo na kitanda, chai ikichemka. Walipozidi kuwa wengi, na wengine wakawa wanatoka Bungoma na Busia, Awiti alimbembeleza Gichuru wawafungulie ukumbi kwenye intaneti. Cate alinunua leseni. Awiti alipanga kurasa, akawafundisha wa kwanza kuandika, akamwambia Nakhumicha, "Hii ni yenu sasa, dada. Hakuna wa kuwanyang'anya."

Wakaja. Waliandikia katika saiba, vile vibanda vya intaneti vya mijini, vidole viwili viwili. Waliambizana hospitali ambayo mtoto akilia kwa maumivu hawatasema anajifanya. Waliambizana jinsi ya kumfunika usiku wa Julai, maji kiasi gani, nani ana damu ya kutoa. Na kila Jumapili baada ya ibada, mama mmoja wa Webuye aliingia katika ukurasa wake mwenyewe. Bintiye Nasimiyu alikuwa amefariki akiwa na miaka sita. Mama Nasimiyu hakuandika kuhusu kifo. Aliandika habari za wiki kana kwamba mtoto bado yuko nyumbani na anaendelea kukua: leo Nasimiyu amekataa uji, leo Nasimiyu amefika darasa la tatu, leo viatu vimembana. Mara ya kwanza Awiti aliogopa. Akamwuliza Nakhumicha kama huyo mama yuko sawa.

"Yuko sawa kuliko mimi na wewe," Nakhumicha alisema. "Kule kwake wamemwambia anyamaze, apate mwingine. Hapa hakuna wa kumnyamazisha. Muache."

Akaachwa. Akina mama wengine walianza kumjibu. *Mnunulie vya namba kubwa, mama, miguu ya watoto haingoji.*

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka siku ya ruracio.

Cate alirudi nyumbani kwa likizo ya Pasaka ili mahari yake ijadiliwe, na wazee wa Gichuru wakaenda Kileleshwa kwa wazazi wake. Walibeba waliyotakiwa kubeba, wakamfunika mama mtu blanketi, watu wakaimba. Halafu wakati wa mazungumzo mjomba wa Gichuru, mtu mwenye mdomo, akauliza mbele ya wote kama msichana aliyekaa Ulaya miaka hiyo yote bado ni yule yule aliyeondoka. Wazee wa kina Cate wakaweka vikombe chini. Gichuru alikuwa ameketi pale pale katikati, akaviangalia viatu vyake. Dakika chache baadaye mzee wa upande wa msichana akasimama na kusema wageni wanaweza kwenda.

Cate akapanda ndege kabla ya likizo kuisha. Wazee wa pande zote mbili wakakataza simu: wawili hao wasizungumze mpaka nyumba zikae tena. Na hakuna nyumba iliyotaka kuwa ya kwanza kuketi.

Muda si mrefu, asubuhi moja Awiti alifungua Jikoni akakuta mstari mwekundu juu kabisa ya ukurasa. Ulisema ukumbi huu utaondolewa mwisho wa mwezi.

Akakimbilia meza ya Gichuru. "Bosi, kuja uone."

Gichuru alikuja, akaona, akarudi kuketi. Alikuwa amekonda tangu Pasaka. "Zote ziko hivyo?"

"Zote. Hoteli, duka la viti, zote. Hizo tutazijenga tena, ni picha na namba za simu. Lakini Jikoni ni maneno ya watu. Yamekaa kwenye mashine za wale wazungu wenye programu, na anayeweza kuyatoa yote pamoja ni mwenye akaunti peke yake. Mpigie Cate, tafadhali. Neno moja tu."

"Siwezi."

"Aki, Gichuru. Ni simu."

"Unaona kama ni simu. Nikimpigia nitakuwa nimewaruka wazee, na ikifika siku ya kukaa, watauliza nilitumwa na nani. Nitampoteza kabisa."

"Basi mwambie mjomba aende aombe msamaha."

"Mjomba anasema wao ndio walituaibisha kwa kutufukuza." Alijaribu kutabasamu. "Na pia amebadilisha namba. Cate. Nilijaribu."

Kumbe alikuwa ameshavunja amri na bado hakufika popote.

Awiti akawaandikia wenye programu. Asubuhi iliyofuata wakamjibu kwa adabu nyingi, wakamshukuru kwa kuipenda bidhaa yao, wakasema mambo ya akaunti huzungumzwa na mwenye akaunti pekee. Akaandika tena. Safari hii akaeleza kila kitu: Barasa, akina mama, Nasimiyu na viatu vyake. Aliandika hadi machozi yakamlengalenga, kwa sababu alikuwa bado katika umri wa kuamini kwamba mtu akielezwa vizuri ataelewa. Jibu likarudi neno kwa neno lile la kwanza, ila chini yake palikuwa na jina la mtu mwingine.

Jumamosi akaenda Kileleshwa.

Mama yake Cate, Nyakio, alimkaribisha katika sebule ile ile ya ruracio. Aliagiza chai iletwe, akangoja Awiti anywe ndipo akasema, "Wewe ndiwe wa Gichuru."

"Nafanya kazi kwake tu, mama."

"Ni hiyo hiyo."

Awiti akaeleza. Alieleza vibaya, maneno kama leseni na akaunti yalisikika madogo na ya ajabu katika chumba kile chenye vitambaa vyeupe kwenye kila kiti. Nyakio alimsikiliza hadi mwisho.

"Mlileta mbuzi, mkaleta na matusi," alisema. "Sasa mmeleta kompyuta."

"Sikuja kwa niaba yao, mama. Nimekuja kwa sababu ya watoto wagonjwa."

"Nimekusikia. Nina masikio." Akaonyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha ndani. "Lile blanketi walilonifunika liko kwa kabati. Sijifuniki nalo na silirudishi. Kitu kilichotoka nyumba ile kikaja hii, ama kilichotoka hii kikaenda ile, kinangoja wazee. Siwezi kuchagua hiki kipite, kile kisipite. Hiyo leseni yako pia ingoje."

"Blanketi linaweza kungoja, mama. Hii haiwezi."

Kijakazi akaja kutoa vikombe, akaona uso wa Nyakio, akarudi alikotoka.

"Una mama?"

"Ninaye. Yuko Ugunja."

"Mama yako angetukanwa mtoto wake ndani ya nyumba yake, akiwa amevaa nguo yake ya maana, halafu baada ya siku chache nije mimi naomba kitu. Ungesema nipewe?"

Awiti alitaka kusema ndiyo. Alimfikiria mama yake, akashindwa kudanganya.

"Umeona," Nyakio alisema, kwa upole sasa. Alimsindikiza hadi mlangoni, akamrekebisha kola ya sweta kama vile alikuwa wake. "Nitamwambia ulikuja. Nini cha kufanya, hilo sitamwambia."

Cate alipiga wiki iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu. Awiti hakuwahi kuzungumza naye mwenyewe. Sauti yake ilikuwa changa kuliko alivyodhani.

"Awiti? Mama amesema kuna watoto. Watoto gani?"

Awiti akamweleza. Alipomaliza, alisikia upande wa pili kiti kikiburutwa sakafuni.

"Haloo?"

"Niko. Awiti, hiyo haijaisha muda. Niliifunga mimi. Nilibonyeza ile ya kufunga akaunti kabisa." Alikuwa akipumua kwa nguvu. "Nilirudi huku, nikafungua nikaona yale majina yote yamejipanga. Kila moja nakumbuka siku Gichuru alinipigia, alivyofurahi. Sikuweza kuyaangalia. Nilidhani wote ni hoteli na maduka. Nilisema, hao watanunua mahali pengine, nani atakufa?"

"Hukujua."

"Siku hiyo nilikuwa jikoni kwa mama, mlango uko wazi. Nilisikia yule mjomba. Nikangoja Gichuru aseme kitu, Awiti. Hata kukohoa. Si angekohoa tu?"

"Unaweza kuifungua tena?" Awiti aliuliza taratibu.

"Ngoja nijaribu. Ngoja, nitajaribu leo."

Akajaribu. Aliandika, akapiga simu, akalia, akapewa nafasi ya kungoja kwenye laini huku muziki ukichezwa. Mwenye akaunti mwenyewe, aliyekuwa akitafutwa na kila mtu, akaambiwa kwa adabu ile ile kwamba akaunti ikifungwa haifunguki, kwa usalama wake. Ukumbi ungeonekana hadi mwisho wa mwezi, kisha ufutwe. Alichoweza ni kununua leseni mpya, na aliinunua siku hiyo hiyo, akaiandika kwa jina la Nakhumicha. Awiti alipoifungua akakuta ukurasa mweupe, na juu yake maneno ya kumkaribisha awe wa kwanza kuandika.

Basi ikabaki kunakili kwa mkono. Awiti alifungua kurasa za Jikoni moja moja na kuhifadhi kila moja. Ziligeuka kuwa nyingi kuliko alivyodhani, na kila moja ilifunguka kwa kujivuta, mstari baada ya mstari, picha zikija mwisho au zisije kabisa. Alinakili wakati wenzake wakila na wakati wakienda nyumbani. Siku ya mwisho ya mwezi umeme ukapotea mjini. Gichuru akafungua droo, akampa flashi yake mwenyewe yenye nafasi kubwa.

"Nenda Kangemi. Kwa Mwololo wana jenereta," alisema, na hakumtazama usoni.

Saiba ya Mwololo ilikuwa kibanda cha mabati mkabala na soko. Nakhumicha alikuwa tayari ameketi, bado amevaa sare yake ya kliniki chini ya leso.

"Sasa, mdogo wangu. Imebaki nini?"

"Yamebaki mengi. Hayataisha yote leo, dada. Lazima uchague."

Nakhumicha aliutazama mstari mwekundu. "Mimi nichague?"

"Ni yako."

Mwololo aliwasogezea stuli, akawafukuza vijana wawili waliokuwa wakicheza gemu ili laini iwe nyepesi. "Nyinyi tokeni, mnakula intaneti ya wagonjwa."

"Anza na maumivu," Nakhumicha alisema hatimaye. "Ile aliyoandika mama wa Busia kuhusu hospitali. Halafu damu. Halafu dawa."

"Na Nasimiyu?"

Nje jenereta ilikohoa, taa ikafifia, ikarudi.

"Nasimiyu hatazidiwa tena," alisema. "Wengine wanaweza kuzidiwa usiku wa leo. Anza na maumivu, Awiti. Usiniulize tena."

Wakaanza. Ukurasa wa hospitali ulikuja. Ule wa damu ukaja nusu, ukakwama, ukaja. Nakhumicha alisoma kila mmoja ukifunguka, midomo ikicheza, na mara nyingine akacheka: "Huyu alikuwa na matusi huyu! Ona alivyomwita daktari." Mwangaza wa mlangoni ulipoanza kuwa wa manjano, na wauza mboga wakaanza kukunja magunia, walikuwa wamemaliza dawa.

"Sasa," Nakhumicha alisema. "Sasa mfungulie."

Ukurasa wa Nasimiyu ulikuwa mrefu. Uligawanyika vipande vingi, kimoja kwa kila majira. Kipande cha kwanza kikafunguka. *Leo Nasimiyu amekataa uji.* Awiti akakihifadhi. Akabonyeza cha pili. Mduara mdogo ukazunguka, ukazunguka. Mwololo akaja kusimama nyuma yao. Kisha skrini ikawa nyeupe, na katikati yake mstari mmoja mweusi ukasema anwani hii haipo.

Awiti akabonyeza tena. Akabonyeza tena.

"Ni laini?" Nakhumicha aliuliza.

"Si laini," Mwololo akajibu. "Tovuti zingine zinafunguka. Hii wameshaifuta."

Nakhumicha aliweka kiganja chake juu ya mkono wa Awiti, ule uliokuwa bado unabonyeza, akaukandamiza hadi ukatulia.

Jumapili, Awiti alikuwa akianua nguo aliposikia simu ikilia, namba asiyoijua. Alijua ni nani kabla ya kupokea. Nakhumicha alikuwa amempigia jirani wa Webuye mara mbili ili ampe Mama Nasimiyu habari, na jirani hakumpata.

"Mwanangu, ni mama ya Nasimiyu. Samahani nakusumbua siku ya Bwana. Niko hapa kwa saiba. Nimeandika neno langu la siri vizuri, kijana wa hapa amenisaidia, na inasema haipo. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mama."

"Basi nifinye wapi?"

Awiti akakaa juu ya karai la nguo lililopinduliwa. Akaeleza. Hakutaja ruracio wala Cate. Alisema tu imefungwa, na kwamba hakuna aliyeweza kuifungua, na kwamba wamejaribu sana. Alimwambia wameokoa kipande cha kwanza. Alisikia sauti yake mwenyewe ikiharakisha kufika kwenye habari njema.

"Lakini tuna mpya, mama. Iko tayari. Ni ya Nakhumicha mwenyewe, hii haiwezi kufungwa na mtu. Unaweza kuanza hata leo."

"Nianze?"

"Ndiyo, mama. Upya."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za saiba, mtu akiuliza bei ya kuchapisha. Mama Nasimiyu alikuwa akifikiria. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomshinda Awiti kuvumilia.

"Nianzie wapi, mwanangu?" aliuliza. "Huko alikuwa ameshafika darasa la tano. Wiki iliyopita nilikuwa nimemwambia atanisaidia kuvuna. Huku hawamjui. Nikianza upya, si itabidi nimzae tena?"

Awiti aliisogeza simu karibu na sikio.

"Niambie mimi," alisema. "Ile ya leo. Niambie mimi nitaiandika."

"Nikuambie wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa simu?" Mama yule akacheka kidogo, kwa aibu, kama mtu aliyeombwa aimbe mbele ya wageni. "Leo amevaa..." alianza, kisha kengele ndogo ya salio ikalia sikioni, na laini ikakatika.

Awiti aliipiga namba ile. Ilikuwa simu ya saiba, ya kupiga tu, haikupokea. Akaendelea kukaa juu ya karai, simu mkononi, nguo zikimning'inia juu ya kichwa, akingoja ilie tena ili ajue mtoto amevaa nini.